Siku Mwanga Ulipokuwa Mzito Kuliko Jiwe

Walimu wenzangu, wazazi mliofunga vibanda mapema ili mfike, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, hamjambo? Wazee wetu wa Dunga, mlioacha mitumbwi mkaja kunisikiliza kabla ya kuingia ziwani usiku huu, nawasalimu kwa heshima. Kisumu leo ina joto, kwa hiyo sitawachosha kwa utangulizi.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mwanga una uzito?" Nilimjibu upesi kwamba hauna, nikageukia ubao. Jibu lile lilinikaa rohoni njia nzima ya kurudi nyumbani. Halikuwa la uongo, lakini lilimfungia mlango mtoto aliyekuwa amesimama kizingitini pa jambo kubwa kuliko yote ninayoyajua. Hotuba ya leo ni jibu nililopaswa kumpa.

Fotoni, ile chembe ya mwanga, haina uzito wa kuwekwa kwenye mizani. Lakini ina nishati, na tangu mwaka 1905 tunajua kutoka kwa Albert Einstein kwamba nishati na uzito ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Miaka 10 baadaye, katika nadharia yake ya mvutano, alionyesha kwamba kila chenye nishati huvuta, na huvutwa. Mwaka 1919 jua lilipopatwa, wanaastronomia walipima nyota zilizoonekana karibu na ukingo wake wakakuta mwanga wao umepindishwa na mvutano wa jua, kama alivyotabiri. Kwa hiyo mwanga umo katika hesabu ya mvutano. Leo mchango wake ni mdogo mno, ndiyo maana nilidiriki kumwambia yule binti "hapana". Zamani haikuwa hivyo.

Kwanza tukubaliane ulimwengu unafanya nini. Unatanuka. Alexander Friedmann alilipata jambo hili katika milinganyo ya Einstein mwaka 1922, Georges Lemaître akalifikia kwa njia yake mwaka 1927, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinazotukimbia, zilizo mbali zikikimbia zaidi. Watu husikia haya wakadhani kulikuwa na mahali fulani palipolipuka, na sisi tunarushwa kutoka hapo. Wavuvi waliopo hapa watanielewa nikitumia wavu. Fikirieni wavu mkubwa usio na mwisho, na kila jicho lake linapanuka kwa kiasi kile kile kwa wakati mmoja. Ukisimama kwenye fundo lolote, fundo la jirani linasogea kidogo na fundo la mbali linasogea sana. Hakuna fundo lililo katikati. Mafundo hayatembei, ni macho ya wavu yanayokua. Galaksi ni mafundo, na nafasi ndiyo macho.

Sasa chukueni kalamu, kwa sababu sehemu hii ni hesabu, na ni hesabu ya darasani kwenu. Tuchukue sehemu ya ulimwengu yenye umbo la sanduku, kila upande mita 1, ndani yake mna chembe za maada: protoni, elektroni, chochote kinachokaa. Ulimwengu ukitanuka hadi kila upande uwe mita 2, ujazo unakuwa mara 8. Chembe ni zile zile, nafasi imekuwa mara 8, basi densiti ya maada, yaani wingi wake katika kila mita ya ujazo, imeshuka hadi sehemu moja ya 8. Hapo hakuna cha ajabu.

Fanyeni vivyo hivyo kwa mwanga. Idadi ya fotoni katika kila mita ya ujazo nayo inashuka hadi moja ya 8. Lakini fotoni, ingawa tumeiita chembe, ni wimbi pia, na wimbi linavutwa pamoja na nafasi linamosafiri. Macho ya wavu yakiongezeka mara 2, urefu wa wimbi nao unaongezeka mara 2, na fotoni yenye wimbi refu ina nishati kidogo: nusu ya ile ya awali. Kwa hiyo mwanga umepungua mara 8 kwa idadi, kisha mara 2 kwa nguvu ya kila mmoja. Jumla ni moja ya 16.

Mama wa soko la Kibuye wangelieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Ndugu wawili wanagawa urithi, mmoja anachukua magunia ya mahindi na mwingine anachukua noti. Wote wawili wanagawia watoto wale wale, na kila mtoto anapata sehemu ndogo. Ila gunia likigawanywa, debe la mahindi linabaki debe. Noti zikigawanywa, na huku bei zinapanda, kila noti nayo inanunua kidogo kuliko jana. Maada ni mahindi. Mwanga ni noti.

Tofauti hiyo ya 8 na 16, ya kipeo cha tatu na kipeo cha nne, ndiyo moyo wa yote nitakayosema. Kwa sababu mkirudi nyuma badala ya kwenda mbele, hesabu inageuka. Kila mnapoukunja ulimwengu nusu, maada inaongezeka mara 8 na mwanga mara 16. Haijalishi mwanga ni dhaifu kiasi gani leo. Mkiukunja vya kutosha, lazima ufike wakati mwanga unaipita maada.

Leo, maada yote ikijumlishwa ni takriban mara 3400 ya mnururisho, tukihesabu mwanga pamoja na nyutrino, chembe nyepesi ambazo zamani zilikwenda karibu sawa na mwanga. Basi rudini nyuma hadi ulimwengu ulipokuwa mdogo mara 3400 kwa upande. Ni kukunja nusu mara 12 hivi, si zaidi. Hapo mnakuta maada na mnururisho zimelingana. Ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka 50,000 hivi, kati ya bilioni 13.8 ulizo nazo leo, na halijoto yake ilizidi nyuzi 9,000 za Kelvin, wakati uso wa jua letu una 5,800. Kabla ya siku hizo, mwanga ulitawala. Baada yake, maada.

Ngoja niwapeleke mbali zaidi, hadi sekunde ya kwanza. Halijoto ilikuwa karibu nyuzi bilioni 10. Chukueni ujazo wa lita moja, pakiti mbili za maziwa. Mnururisho uliokuwa ndani ya lita ile, yaani fotoni, nyutrino, na elektroni zilizokuwa zikikimbia karibu na kasi ya mwanga pamoja na pacha zao pozitroni, ulikuwa na uzito wa tani zaidi ya 400. Malori zaidi ya 10 yaliyojaa mawe, katika pakiti mbili za maziwa! Na protoni na nyutroni, vitu ambavyo mimi na wewe na ziwa hili tumetengenezwa navyo, katika lita ile ile? Hazikufika gramu 100. Ukiongeza na ile maada ya giza nitakayoieleza, bado haifiki kilo moja.

Kila nikiifanya hesabu hiyo nasimamisha kalamu. Maada yote tunayoiita ulimwengu, milima, bahari, nyota, ilikuwa kama vumbi linaloelea ndani ya mwanga.

Kuna kosa moja ambalo ningependa tuliondoe hapa. Mwanga una shinikizo, na wengi hudhani shinikizo hilo ndilo lililousukuma ulimwengu utanuke. Sivyo. Hewa ya tairi ya boda boda husukuma kwa sababu ndani ina shinikizo kubwa kuliko nje. Ulimwengu ule ulikuwa na shinikizo sawa kila mahali, bila nje ya kusukumia. Katika nadharia ya Einstein shinikizo hufanya kinyume: nalo huvuta. Mwanga unapunguza mwendo wa kutanuka mara mbili ya vile maada yenye densiti ile ile ingepunguza. Binti yangu, mwanga hauna uzito kwenye mizani, lakini pale ulikuwa breki kali kuliko jiwe.

Densiti ndiyo inayotuambia mwendo. Friedmann alituachia kanuni ambayo naweza kuisema kwa maneno: kasi ya kutanuka, ukiizidisha kwa yenyewe, huenda sambamba na densiti yote iliyomo. Densiti ikiwa mara 4, kasi ni mara 2. Mtu ataniuliza, kama densiti huvuta na kuzuia, vipi densiti kubwa iende na kasi kubwa? Fikirieni jiwe lililorushwa juu. Ukilikuta bado linapanda mahali penye mvutano mkali sana, unajua lilirushwa kwa nguvu sana, la sivyo lingekuwa limeshaanguka. Ulimwengu wetu ulikuwa katika hali hiyo, mwendo na mvutano vikikaribia kulingana kabisa.

Kutoka hapo mnapata kalenda. Wakati wa mwanga, ili ulimwengu ukue mara 10 kwa upande, umri wake lazima uwe mara 100. Ndiyo maana kutoka nyuzi bilioni 10 kwenye sekunde ya kwanza, ulishuka hadi bilioni 1 kwenye sekunde ya 100 hivi. Wakati wa maada, kukua mara 10 kunataka umri wa mara 32 tu. Waliopo hapa wenye kupenda vipeo watagundua kwamba 32 ni takriban 10 kwa kipeo cha moja na nusu. Kafanyeni nyumbani.

Mtasema, mwalimu, haya ni maneno, nani alikuwepo? Hakuna aliyekuwepo, ila mwendo ule uliacha alama, na alama yenyewe ni heli, gesi inayojazwa kwenye mapulizo ya sherehe. Katika sekunde za mwanzo protoni na nyutroni zilikuwa zikigeukana. Kutanuka kulipoushinda mgeuzo huo, ilibaki nyutroni 1 kwa kila protoni 6 hivi. Nyutroni iliyo peke yake haidumu, huvunjika kwa wastani wa robo saa, kwa hiyo zilipopata nafasi ya kuungana, dakika chache baadaye, uwiano ulikuwa 1 kwa 7. Sasa hesabuni chembe 16: nyutroni 2 na protoni 14. Kiini cha heli kinataka nyutroni 2 na protoni 2. Unapata kiini kimoja cha heli, na protoni 12 zinabaki kuwa haidrojeni. Chembe 4 katika 16 ni robo. Na wanaastronomia wanapopima gesi kuukuu ambayo nyota hazijaichafua sana, wanakuta heli ni karibu robo ya uzito wake.

Hapa ndipo ninapoipenda sayansi kwa moyo wote. Kama mnururisho ungekuwa mwingi kidogo, tuseme kungekuwa na aina 5 za nyutrino, ulimwengu ungetanuka haraka zaidi, nyutroni nyingi zaidi zingewahi kuungana kabla ya kuvunjika, na heli ingezidi robo. Kiwango cha heli kilidai aina za nyutrino ziwe karibu 3. Kisha mwaka 1989, katika mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya kuchunguza chembe kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanafizikia walihesabu aina hizo kwa njia nyingine kabisa, kwa kugonganisha elektroni na pozitroni. Wakapata 3. Dakika za kwanza za ulimwengu na mtambo uliochimbiwa chini ya ardhi ya Ulaya vilitoa ushahidi mmoja.

Turudi kwenye yale mapinduzi ya mwaka wa 50,000. Yalileta nini? Yaliruhusu vitu kukusanyika. Ulimwengu wa awali ulikuwa laini sana, tofauti ya mahali na mahali ikiwa kama sehemu 1 katika 100,000. Ili upate galaksi, mahali penye maada zaidi kidogo lazima pavute jirani, pazidi, pavute tena. Haba na haba. Lakini mwanga ulipotawala, ulimwengu ulikuwa unatanuka haraka kiasi kwamba maada haikuwahi kukusanyika. Kila ilipojaribu kusogeleana, nafasi ilikuwa imeshaitawanya. Mafungu yalikuwepo, ila yalisimama karibu palepale. Maada ilipochukua hatamu, yakaanza kukua kwa kadiri ile ile ulimwengu unavyokua.

Na maada ya kawaida ilikuwa na kifungo cha pili. Elektroni zilizo huru huzuia fotoni zisipite. Mmewahi kusafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret mkapita Timboroa alfajiri? Taa za matatu zinawaka kabisa, lakini ukungu unatawanya mwanga na huoni mita 20. Ulimwengu ulikuwa ukungu wa namna hiyo hadi umri wa miaka 380,000. Hapo halijoto ilishuka hadi nyuzi 3,000, elektroni zikashikwa na protoni zikawa atomu, na ukungu ukaondoka. Kabla ya hapo, maada ya kawaida iliburutwa na mwanga kokote ulikokwenda, haikuweza kujikusanya.

Sasa fuateni hesabu hii kwa makini. Tangu ukungu uondoke, ulimwengu umekua mara 1100. Chukueni tofauti ya 1 katika 100,000, izidishieni 1100. Mnapata kitu kisichofika hata asilimia 2. Asilimia 2 haijengi galaksi, haijengi jua, haijengi Kisumu. Kwa maada ya kawaida peke yake, hatungekuwepo.

Lazima basi kulikuwa na maada isiyofungwa na mwanga, isiyojali ukungu, ambayo ilianza kukusanyika mapema, tangu siku mwanga uliposhindwa, miaka 330,000 kabla ya ukungu kuondoka. Hiyo ndiyo maada ya giza. Ilichimba mashimo ya mvutano, na maada ya kawaida ilipofunguliwa ikatumbukia humo kama maji ya mvua yanavyofuata mitaro iliyochimbwa tayari. Kwa uzito ni zaidi ya mara 5 ya maada ya kawaida. Imetengenezwa na nini, hakuna aliyeshika chembe yake bado, na mtu wa kuishika anaweza kuwa amekaa viti vya nyuma.

Mkenya yeyote akiambiwa mambo haya ni ya watu wa mbali, amkumbushe Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili tangu tupate uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuangalia anga kwa miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco kwenye bahari yetu. Wakaipa jina Uhuru. Iliona miale hiyo ikitoka katika makundi ya galaksi, na tukaja kujua kwamba makundi hayo yamejaa gesi ya joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ya joto hivyo ingetoroka kama isingeshikwa na mvutano mkubwa kuliko wa maada inayoonekana.

Na ule mwanga uliotawala, ulikwenda wapi? Haukwenda popote. Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, Marekani, mwaka 1964 walisikia mnong'ono katika antena yao ambao haukuisha, hata walipowafukuza njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani na kusafisha kinyesi chao. Ulitoka kila upande wa anga, mchana na usiku. Ulikuwa ni ule mwanga wa nyuzi 3,000, uliovutwa mara 1100 hadi ukawa mawimbi ya maikrowevu yenye halijoto ya nyuzi 2.725 tu. Wazee mnaokumbuka televisheni za kizamani, stesheni ilipofunga usiku zikabaki chenga na ule mvumo: sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia 1, ilikuwa ni mwanga huo. Mlikaa sebuleni mkiutazama, tena mkaamka kuupiga konzi televisheni.

Mpaka leo kila sentimita ya ujazo ina fotoni 411 za mwanga huo. Kwa kila protoni moja ulimwenguni kuna fotoni zaidi ya bilioni. Kwa idadi mwanga haujashindwa kamwe. Umeshindwa kwa nguvu ya kila mmoja, kwa ile moja ya mara 2 iliyozidi katika hesabu yetu ya sanduku.

Maada nayo haitawali tena. Mwaka 1998 vikundi viwili vya watafiti, kwa kupima nyota zinazolipuka mbali, viligundua kwamba kutanuka kunaongezeka mwendo. Kuna kitu, tunakiita nishati ya giza, ambacho densiti yake inaonekana haipungui hata nafasi ikikua. Zikipungua nyingine zote na hiyo isipungue, mwisho wake ni dhahiri; leo ni karibu asilimia 68 ya vyote, maada yote 32, na mnururisho hata asilimia moja ya asilimia moja haufiki. Sitakaa hapo, ina hotuba yake.

Nitamalizia kwa ugomvi ambao haujatatuliwa, maana yule binti atataka kujua kama kuna kazi iliyobaki. Ukichukua densiti za ulimwengu mchanga kama setilaiti ya Planck ilivyozisoma katika mwanga ule wa kale, kisha ukakokotoa kasi ya kutanuka leo, unapata karibu kilomita 67 kwa sekunde kwa kila miaka ya mwanga milioni 3.26. Watafiti wengine wakipima galaksi moja kwa moja, wanapata karibu 73. Kila upande umekagua vipimo vyake kwa miaka mingi. Baadhi ya wanafizikia wanapendekeza kwamba karibu na siku zile maada na mwanga vilipolingana kulikuwa na nishati ya tatu, iliyochangia kidogo kisha ikatoweka, ikaharakisha kutanuka kabla ukungu haujaondoka. Wengine hawakubali. Jibu limo katika zile densiti, mahali fulani kati ya kipeo cha tatu na cha nne.

Muda umebaki wa maswali. Aliyeniuliza darasani yuko hapa, ameketi karibu na dirisha, na safari hii sitageukia ubao. Mpeni maikrofoni.